Si kila umbo la M kwenye chati ni Gartley

Wengi wakiona M kwenye chati ya bei za sarafu hununua papo hapo wakisema ni Gartley, umbo la pointi tano za kugeuka kwa bei (X, A, B, C, D) linaloashiria bei itapanda baada ya D. Umbo peke yake halitoshi. Vipimo ndivyo vinavyoamua.

Chukua EUR/USD (bei ya euro kwa dola) iliyopanda kutoka X 1.0800 hadi A 1.1000, yaani pipsi 200 (pipsi moja ni 0.0001). Vuta Fibonacci, kifaa kinachopima bei imerudi nyuma asilimia ngapi, kutoka X hadi A, ukianzia ncha za mishumaa (vijiti vya bei kwenye chati). Gartley hudai B iguse asilimia 61.8, karibu 1.0876. C irudi juu bila kuvuka A, kisha D ishuke hadi asilimia 78.6, yaani 1.0843. B ikigeukia kati ya 38.2 na 50, hiyo ni Popo (Bat), umbo jingine la M, na D yake ipo asilimia 88.6: 1.0823. Aliyenunua mapema, kwenye 1.0843, ameshabeba hasara ya pipsi 20 kwa kukosea jina tu!

MetaTrader 4, programu ya kufanyia biashara ya sarafu, haina 78.6 wala 88.6 mpaka uziongeze mwenyewe kwenye mipangilio ya Fibonacci. Kosa baya zaidi ni kuhamisha X ili namba zikubali. Bei ikivunja X, umbo limekufa. Stopu, oda ya kukata hasara, ikae chini ya X kidogo.