Kabla ya kuuliza "tuwaletee nini?"

Wanafunzi wa sekondari wanaotaka kujitolea kwa wenzao wenye mahitaji maalumu hutuuliza swali hilohilo: "Tuwaletee nini?" Wanauliza kwa moyo mwema, na sabuni, sukari na madaftari hupokelewa kwa shukrani. Lakini kijana wa miaka 15 mwenye ulemavu wa akili mara nyingi amekosa kitu ambacho hata wadogo zake wanacho: mtu wa rika lake wa kumpitia nyumbani jioni waende uwanjani.

Mwaka 1962 Eunice Kennedy Shriver, dada wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alifungua kambi nyumbani kwake Maryland, Marekani, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili, na waliokuwa wakicheza nao ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Kutokana na juhudi hizo ikazaliwa Special Olympics, shirika la michezo la watu wenye ulemavu wa akili, iliyofanya michezo yake ya kwanza Chicago mwaka 1968 na leo ipo Tanzania na Kenya pia. Ninachokipenda zaidi kwao ni timu za mchanganyiko: wenye ulemavu wa akili na wasio nao, wenye umri na uwezo unaokaribiana, wanavaa jezi moja. Asiye na ulemavu hasimami pembeni kushika chupa za maji. Anapewa pasi, anapoteza mpira, anapigiwa kelele kama wengine.

Urafiki hujengwa hivyo, watu wakiwa na jambo la kufanya. Drafti, karata, rede, kukanda maandazi, chochote ambacho wote wawili wanakifurahia. Wanafunzi arobaini wanaofika na basi mara moja kwa mwaka hawajengi urafiki. Wawili wawili wanaokutana kila Jumamosi, saa ileile, wanaujenga. Kwa kijana mwenye usonji utaratibu huo ni muhimu mno, kwa hiyo kama hutafika, mjulishe mapema.

Kuzungumza ndiko kunakowashinda wengi. Chukua kijana mwenye mtindio wa ubongo anayetamka kwa shida, na akili yake huenda haina kasoro yoyote. Anataka kusema kwamba jana Yanga walicheza vibaya. Neno la kwanza linachelewa, shingo inapinda, mkono unakakamaa. Wengi humalizia sentensi kwa niaba yake, tena sivyo, au humgeukia mama: "Anasemaje?" Nyamaza, mtazame, ngoja. Usipoelewa mwambie, "Sijakupata, hebu rudia." Usiitikie tu kwa kichwa, atajua. Na kama wewe ni Yanga, mbishie.

Kiti mwendo usikisukume kabla ya kumuuliza mwenyewe. Kumlisha, kumvalisha au kumpeleka chooni si kazi ya kijana wa kujitolea. Hilo wazazi na walimu walipange, na mtu mzima awepo karibu muda wote. Kisha picha. Inaniuma kila ninapoona mtandaoni picha ya mtoto aliyetokwa na udenda, pembeni yake kijana anayetabasamu, chini yake maneno ya kujisifu. Jiulize kama ungeweka picha ya namna hiyo ya rafiki yako wa darasani. Omba ruhusa ya mzazi, na mwenyewe pia aulizwe.

Wazazi wa pande zote mbili huogopa jambo moja ambalo nakubali ni la kweli: siku kijana wa kujitolea akiondoka. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, halafu watu wanatawanyika. Kijana aliyezoea kupitiwa kila Jumamosi anaweza kukaa mlangoni akisubiri, asielewe kosa lake ni nini. Basi mweleze mapema, mwonyeshe kwenye kalenda, na mlete mwenzako wa kidato cha pili mcheze wote watatu kwa wiki kadhaa kabla hujapunguza kuja. Walimu walezi, anzeni makabidhiano hayo Agosti, msingoje Novemba.