Chujio la lishe ya mshipani: pampu ikilia, msilichomoe

Wazazi wenye mtoto njiti wodi ya uangalizi maalumu hutuuliza sana kuhusu pampu na kengele zake. Ni nadra kuulizwa kuhusu kile kisahani cha plastiki kilichoungwa kwenye mrija wa lishe, karibu na mtoto. Hilo ni chujio.

Mtoto ambaye utumbo wake haujamudu maziwa ya kutosha hulishwa mshipani: sukari, amino asidi, madini, vitamini na mafuta. Kwa macho, dripu inaonekana haina kasoro. Kwa darubini, mna vipande vya kioo vya ampuli (kichupa cha dawa) iliyovunjwa, vumbi la vizibo vya mpira, na pengine punje za kalsiamu iliyogandana na fosfati. Hizi za mwisho ndizo sisi wafamasia tunaziogopa zaidi. Mwaka 1994 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wawili kufariki. Uchunguzi wa maiti ulikuta punje hizo kwenye vishipa vya mapafu. Kwa mtoto mchanga kuna jambo jingine: tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo huenda halijaziba, na chembe ikipenya hapo inaweza kuishia kwenye ubongo.

Lishe isiyo na mafuta hupita chujio lenye matundu ya mikroni 0.2 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), linalozuia hata bakteria. Yenye mafuta hutumia la mikroni 1.2. Hili hukamata chembe kubwa na fangasi wa Candida, ila bakteria wengi wanapita, kwa hiyo usafi wa mikono uko palepale. Wala tafiti za watoto wachanga hazijathibitisha kwamba machujio hupunguza vifo. Mimi bado nayataka.

Linalonikera ni hili: usiku wa manane pampu inalia kwamba njia imeziba, mtu anachomoa chujio, anaunga mrija moja kwa moja, kelele zinaisha. Kile ambacho chujio lingekikamata sasa kina njia nyeupe hadi kwa mtoto! Simamisha pampu kwanza, kagua kama mrija umejikunja au klampu (kibanio cha mrija) imefungwa. Kama sivyo, mrija, chujio na mfuko vyote vibadilishwe, na mfuko ule urudi famasia. Huko tutauliza fosfati ilitangulia kalsiamu wakati wa kuchanganya, kama inavyotakiwa, au ilifuata; na kama mfuko ulikaa penye joto, maana joto huzidisha mgando.