"Refuse" na "deny" sio kitu kimoja, japo zote tunaziita kukataa

Wengi tumekua tukijua refuse ndo kukataa, basi popote penye kukataa inawekwa hiyo hiyo, mtu akisema hajaiba simu utasikia "he refused that he stole the phone". Inaeleweka inatoka wapi, maana kwetu kitenzi kimoja kinabeba yote, unakataa chakula, unakataa kwenda, unakataa kosa (kukana tunako ila mtaani nani anakitumia).

Kiingereza wamegawa. Refuse ni kugoma kufanya kitu au kutopokea unachopewa: "she refused to pay", "he refused the money". Ukisema tuhuma sio kweli hapo ni deny, "he denied stealing the phone" au "he denied that he stole it". Reject nayo haifuatwi na "to", kwahiyo "I reject to go" haipo, unareject wazo, ombi, mzigo mbovu. Na ukialikwa harusi ukashindwa kufika tumia decline, refuse itasikika kama umenuna.

Ila wanaosahihishwa kila siku kwa kusema "the car refused to start" waachwe jamani, hiyo iko sawa hata kwa Waingereza wenyewe.

Kucheki sio kazi, fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, ziko za bure mtandaoni, afu usiishie kwenye maana, shuka mpaka kwenye sentensi za mifano uangalie baada ya kitenzi kinakuja nini, "to", "that" au kitenzi chenye "-ing".