Feringi ya Pikipiki ya Mbio: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Pikipiki kama Suzuki SV650, Yamaha MT-07 na Kawasaki ER-6n zilitoka kiwandani zikiwa wazi, injini ikionekana na taa kubwa ikiwa imefungwa juu ya shokapu za mbele, kwa sababu zilikusudiwa kazi za mjini. Wanamashindano wakaziona kwa jicho lingine. Mwaka 2012 Ryan Farquhar alishinda Lightweight TT, mbio za barabarani za pikipiki nyepesi katika Kisiwa cha Man, kwa Kawasaki ya ukoo wa ER-6, na mwaka 2018 Marekani ikaanzisha daraja la Twins Cup, la pikipiki za silinda mbili, ambamo SV650 na MT-07 zilikimbia zikiwa zimevikwa feringi kamili, yaani lile ganda linalofunika uso, mbavu na tumbo la pikipiki. Tangu hapo kila anayenunua pikipiki ya namna hii kwa ajili ya mbio hujiuliza avike ganda gani, na majibu anayopewa mara nyingi huchanganya ukweli na mazoea.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba feringi ni urembo, au kwamba ina maana kwa mashine za nguvu kubwa tu. Hesabu inakataa. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo hukua kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayotakiwa huongezeka mara nane. Tuchukue mfano wa mwendeshaji aliyekaa wima juu ya pikipiki isiyo na ganda, ambaye eneo lake la ukinzani, yaani eneo la mbele likizidishwa kwa kipimo cha umbo, ni mita za mraba 0.5. Akiwa kilomita 200 kwa saa, upepo peke yake unamla takriban nguvu za farasi 70, ambazo ndizo karibu zote alizonazo mwenye SV650. Eneo hilo likishuka hadi 0.35, deni linapungua na kuwa kama farasi 49. Hakuna ekzosi wala chujio la hewa litakaloipa injini hiyo farasi 21 za ziada. Kwa hiyo mwenye injini ndogo ndiye anayehitaji ganda zaidi, kwa kuwa hana nguvu za kuchezea. Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili: kwa kilomita 80 kwa saa tofauti kati ya hali hizo mbili haifiki farasi 2, na anayeshindana katika kiwanja kifupi chenye kona za kubanana anaweza kutumia fedha zake kwenye tairi bila kujuta.

Tena punguzo hilo halitokani na ganda pekee. Sehemu kubwa ya ukinzani ni mwili wa mtu: kofia, mabega, viwiko na magoti. Feringi nyembamba juu ya pikipiki yenye usukani mpana wa kiwandani huacha mikono yote miwili nje, ikipokea upepo kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana usukani hubadilishwa kwanza, vikawekwa vishikio vifupi vinavyofungwa kwenye nguzo za shokapu, kisha vikanyagio vikasogezwa juu na nyuma, na baada ya hapo tu mwendeshaji akalala juu ya tangi mtu mwingine akimpima urefu wa kioo cha mbele unaomfaa. Kioo kilichomtosha mtu mfupi humfanya mrefu apigwe na upepo usoni, naye atainua kichwa bila kujijua.

Dhana ya pili ndiyo inayowagharimu watu zaidi: kwamba ganda la pikipiki fulani maarufu ya mbio litaingia tu, mradi boliti zipatikane. Ni kweli kwamba MT-07 zimewahi kukimbia na maganda yenye sura ya Yamaha R6, na zikapendeza. Kisichoonekana pichani ni kazi iliyofanyika nyuma yake. Pikipiki ya wazi haina mahali pa kushikia ganda la mbele, kwa hiyo ni lazima itengenezwe fremu ndogo ya kufungwa kwenye shingo ya chasi. Wapo wanaoliegemeza ganda kwenye shokapu, pale ilipokuwa taa, kwa kuwa matundu ya boliti tayari yapo. Kwa kioo kidogo cha kuzuia wadudu hilo halina neno. Kwa feringi kubwa ni hatari, kwa maana kila msukumo wa upepo utaingia moja kwa moja kwenye usukani, na pikipiki itaanza kutikisa kichwa pale ambapo mwendo ni mkubwa zaidi.

Kuna pia vipimo ambavyo mkaguzi hatavisamehe. Kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki, zinataka usukani uweze kugeuka angalau digrii 15 kila upande, na ukifika mwisho ibaki nafasi ya milimita 30 kati ya vishikio pamoja na mikono ya breki na klachi, na tangi au ganda, ili vidole visibanwe. Njia nyepesi ya kujua mapema ni kukata boksi gumu kwa umbo la ganda unalolitamani, kulibandika kwa gundi ya karatasi, kisha kugeuza usukani polepole hadi mwisho huku umeshika kishikio kwa glovu za mbio. Ngozi ya glovu ikigusa boksi, ganda lenyewe litakugusa pia, tena wakati unajaribu kuituliza pikipiki inayoteleza.

Kuhusu malighafi ya ganda, faiba ya kaboni husifiwa kupita kiasi. Ni nyepesi, lakini ikianguka hupasuka vipande vyenye ncha kali na bei yake huumiza mara ya pili. Faiba ya kioo hutengenezwa tena kwa gundi yake, kitambaa chake na msasa, hata usiku wa kuamkia mashindano. Ganda la plastiki la barabarani ndilo lisilofaa: lina matundu ya taa, na tumbo lake liko wazi.

Matundu ya kwenye pua ya ganda yanayodaiwa kusukuma hewa kwenye injini nayo hayana miujiza. Kwa kilomita 200 kwa saa msukumo wote wa upepo ni chini ya asilimia 2 ya kanieneo ya kawaida ya hewa, nao hauingii kabisa kama boksi la hewa la pikipiki yako, yaani kasha ambamo injini huvutia hewa, halikuunganishwa na tundu hilo kwa mfereji usiovuja.

Wengine hudhani kwamba kadiri ganda linavyofunika zaidi ndivyo linavyokuwa bora. Historia ilikwishajibu. Katika miaka ya 1950 Moto Guzzi, iliyokuwa na handaki lake la upepo huko Mandello del Lario, Italia, na wapinzani wake walitumia maganda yaliyofunika hata gurudumu la mbele. Mwendo ulipatikana, lakini upepo wa ubavuni uliyasukuma kama tanga, na FIM ikayapiga marufuku kuanzia msimu wa 1958. Hata ganda la leo likizibwa mno huleta joto, kwa kuwa rejeta haipoi kwa hewa inayoingia tu. Hewa hiyo lazima ipate pa kutokea ubavuni, vinginevyo itajaa mbele na kupita pembeni.

Limebaki tumbo, ambalo wanunuzi wengi hulichagua mwisho ilhali ndilo la kwanza. Kazi yake kubwa haihusu upepo. Injini ikipasuka, bakuli hilo la chini linatakiwa kuzuia angalau nusu ya oili na maji yote ya injini yasimwagike njiani, na kiwango ambacho kanuni za aina hii huweka si chini ya lita 5. Matundu yake ya kutolea maji ya mvua huzibwa siku ya jua na kufunguliwa pale tu mbio zinapotangazwa kuwa za mvua. Hapa ndipo MT-07 na ER-6n zinapomsumbua fundi, maana ekzosi yao ya kiwandani imelala chini ya injini, palepale bakuli linapotaka kukaa, na bila kuibadilisha utalazimika kulikata bakuli mpaka lisiwe bakuli tena. Kwa hiyo ukishalifunga, funga pia tundu zake, leta ndoo yenye lita 5 za maji, uzimimine taratibu, kisha upige magoti na kutazama sakafu.