Kwa Nini Askari Walimimina Maji ya Moto Ndani ya Bunduki?

Je, wajua kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia askari wa Uingereza walisafisha mitutu ya bunduki kwa maji yaliyochemka? Inashangaza, maana chuma na maji huzaa kutu.

Sababu imo kwenye fataki, kile kidude kidogo nyuma ya risasi kinachowasha baruti. Fataki za zama zile zilikuwa na potasiamu kloreti, ambayo ikilipuka huacha mtutuni aina ya chumvi inayonyonya unyevu wa hewani. Mafuta hayaiyeyushi. Huifunika tu, nayo huendelea kula chuma chini kwa chini. Maji ndiyo huiyeyusha na kuitoa, na yakiwa ya moto, mtutu nao hupata joto ukakauka upesi. Hapo ndipo mafuta yalipofaa kupakwa. Bunduki yao ya Lee-Enfield ilibeba vifaa vyake yenyewe: ndani ya kitako cha mbao mlikaa kichupa cha mafuta na kamba yenye uzito nchani, ya kuvutia kitambaa mtutuni.

Kwingine mafuta hayohayo yaligeuka adui. Katika Vita Kuu ya Pili, kwenye jangwa la Afrika Kaskazini, miaka ya 1940 hadi 1943, mchanga ulinata kwenye mafuta na kusaga chuma kama msasa, kwa hiyo yalipakwa kwa uchache sana na silaha zikafunikwa kwa vitambaa.

Katika vita hivyohivyo, karibu na Moscow, mwishoni mwa 1941, baridi ilifika nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Grisi ya Wajerumani ikaganda, bunduki zikagoma. Wengine waliipangusa yote, wengine wakazimua mafuta kwa mafuta ya taa. Na ole wake aliyeingiza bunduki kwenye kibanda chenye moto! Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto hutoka jasho, na jasho hilo likirudi nje huwa barafu ndani ya mtambo. Ilikuwa heri silaha ilale nje.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Vita vya Vietnam. Askari wa Marekani walipewa bunduki mpya, M16, huku wakiaminishwa kwamba haihitaji kusafishwa sana, na wengi hawakupewa vifaa vya kuisafishia. Chemba, yaani tundu linamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa, zikashika kutu kwenye unyevu, maganda ya risasi yakakwama, na watu wakafa wakihangaika kuyachomoa. Baadaye jeshi liligawa vifaa, likaweka kromiamu, metali isiyoshika kutu, ndani ya chemba, na likasambaza kijitabu cha katuni cha kufundisha usafi wa bunduki hiyo.