Hadithi za Vina kwa Watoto: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Vina ni pambo la kuwachekesha watoto wadogo, jambo zito husemwa kwa maneno ya kawaida.

Ukweli: Watu wa pwani yetu hawakuona hivyo. Mwaka 1858 mshairi Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimwandikia binti yake wasia kwa utenzi, na karibu karne moja baadaye Shaaban Robert akamtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Wazazi hawa walikuwa na maneno mazito ya kuwaachia watoto wao, wakayatia katika vina, kwa kuwa utenzi hushikwa kwa moyo na kukaa hata pale ambapo karatasi haipo.

Dhana: Kinachomtia mtoto moyo ni funzo linalotamkwa mwishoni.

Ukweli: Naamini dhana hii ndiyo inayoharibu hadithi nyingi. Tazama ubeti huu:

Kobe katoka nyumbani,
Polepole yu njiani,
Akafika kisimani
Na jua halijazama.

Msomaji akinyamaza kidogo baada ya kusema "Akafika kisima…", mtoto ambaye sikio lake limekwisha kupokea nyumbani na njiani ataimalizia silabi iliyobaki yeye mwenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza; ameweza, tena mbele ya mtu anayempenda, na furaha yake huonekana usoni papo hapo. Kwa mtoto mwenye haya, kiitikio cha pamoja kinafaa zaidi, kwa sababu sauti yake hupata hifadhi ndani ya sauti za wenzake mpaka atakapothubutu kuitoa peke yake.

Dhana: Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, basi neno lolote litatoa kina.

Ukweli: Kina ni silabi nzima ya mwisho. Kata na pita yana kina kimoja. Kata na paka hayana, ingawa yote mawili huishia kwa a. Kuna pia mizani, yaani hesabu ya silabi katika mstari: kila mstari wa ubeti ule una mizani 8, na ikizidi hata moja, mtoto anayepiga makofi atajikwaa. Lililo baya zaidi ni kulipinda neno ili lipate kina, maana mtoto wa miaka 4 hulichukua jinsi alivyolisikia. Mtunzi akikosa neno, na aubadili mstari.

Dhana: Muda wa vina ni muda uliopotea wa kujifunza kusoma.

Ukweli: Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant walichapisha utafiti wao juu ya watoto zaidi ya 400 nchini Uingereza, wakaonyesha kuwa wepesi wa kutambua vina kabla ya kujua kusoma ulihusiana na maendeleo ya baadaye katika kusoma. Lugha yao ilikuwa Kiingereza, lakini kwetu uhusiano huo ni wa karibu sana, kwani silabi inayofanya kina ndiyo ileile ambayo mwalimu huandika ubaoni: ba, be, bi, bo, bu.

Dhana: Kurudia hadithi ileile humchosha mtoto.

Ukweli: Anayechoka ni mtu mzima. Mtoto huiomba tena kwa sababu sasa anajua kinachokuja, na baada ya siku chache utamsikia akimsimulia mdogo wake habari za kobe, akinyamaza palepale ulipokuwa ukinyamaza wewe.