Je, wajua kwa nini mnyama kwenye video ya muziki hutuonyesha tabia zetu vizuri kuliko mtu?

Mwaka 1997 Spike Jonze aliongoza video ya "Da Funk", wimbo wa kundi la Daft Punk la Ufaransa. Mhusika ni Charles, mwenye kichwa cha mbwa na mwili wa mtu, ambaye ana mwezi mmoja tu tangu ahamie New York. Mguu wake umefungwa hogo, anatembelea gongo, na amebeba redio kubwa ya kaseti inayopiga wimbo huohuo kwa sauti ya juu. Watoto wanamcheka kwa sababu ya mguu. Kichwa cha mbwa hakuna anayekishangaa. Anakutana na Beatrice, waliyekuwa majirani utotoni, naye anamkaribisha nyumbani kwa chakula cha jioni. Basi linapofika, Beatrice anapanda. Charles anaona tangazo linalokataza redio, anasita, na basi linaondoka bila yeye.

Ukiitazama mara ya pili utagundua kwamba kilichobadilishwa ni kichwa tu. Koti, mwendo, aibu ya kuongea na mwanamke baada ya miaka mingi, ung'ang'anizi wa kushindwa kuiacha redio: vyote ni vya binadamu. Angekuwa mwigizaji wa kawaida, macho yetu yangeanza kazi yake ya kila siku: huyu ni wa kabila gani, ana umri gani, ni mzuri au mbaya wa sura, ana fedha au hana? Kichwa cha mbwa kinayafuta maswali hayo. Kinachobaki kutazamwa ni anachofanya, na hapo mtazamaji hana pa kujificha, kwa sababu hawezi kusema "huyo ni mtu wa aina ile."

Akili yetu haihitaji hata mnyama kamili. Mwaka 1944 watafiti Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu 34 filamu fupi ya pembetatu mbili na duara moja vikizunguka kwenye kisanduku chenye mlango. Wote isipokuwa mmoja walivieleza kama viumbe hai: mmoja mkorofi, mwingine mwoga, mwingine anamtetea mwenzake. Tukiona kitu kinamfuata kingine na kusita mlangoni, tunakipa nia. Wasimulizi wa pwani walilijua hilo zamani. Katika kisa cha kima na papa, kima anapogundua kwamba papa anamvusha bahari ili akautoe moyo wake, anamwambia kwamba moyo ameuacha mtini. Aliyerudishwa pwani ni kima, lakini msikilizaji anamfikiria jirani yake.

Tofauti ni kwamba msimulizi anatumia maneno, na video lazima ionyeshe. Hapo ndipo ufundi unapoanza, na ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Tatizo la kwanza ni macho. Jicho la binadamu lina weupe mpana unaozunguka mboni, kwa hiyo tunajua mtu anatazama wapi hata akiwa mbali. Sokwe wengi weupe huo hauonekani, kwani sehemu hiyo kwao ina rangi nyeusi au kahawia. Sungura na swala nao wana macho pembeni mwa kichwa. Ndiyo maana wachora katuni huyaleta macho mbele, huongeza weupe na kuweka nyusi ambazo mnyama hana. Bila hivyo mhusika hawezi kumkonyeza mtu, wala kukwepa kutazamwa.

La pili ni mdomo. Sokwe anayetoa meno yote nje, sisi tunamwona anacheka. Mara nyingi ameogopa. Anapocheza kwa furaha hulegeza mdomo wazi huku meno ya juu yakiwa yamefunikwa. Mtengenezaji lazima aamue anamfuata mnyama au macho ya mtazamaji. Katika video ya muziki, kwa maoni yetu, amfuate mtazamaji, maana wimbo wa dakika tatu na nusu hauna nafasi ya kumfundisha mtu lugha ya sokwe.

Njia ya bei nafuu ni kinyago. Mwimbaji Bruno Mars alifanya hivyo mwaka 2011 katika "The Lazy Song": wachezaji wamevaa vinyago vya sokwe na miwani ya jua, na kamera haikatizwi tangu mwanzo hadi mwisho. Kinyago hakibadilishi sura, kwa hiyo hisia zote hutoka shingoni na mabegani. Waigizaji wa Noh, tamthilia ya jadi ya Japani, wana kanuni ya karne nyingi: ukikiinamisha kinyago kidogo, kivuli huangukia macho na uso huonekana wenye huzuni, ukikiinua, mwanga hukipiga na uso huonekana wenye furaha. Kosa la kawaida ni kutikisa kichwa kila wakati. Mwendo mmoja wa polepole, kisha kutulia, husomeka vizuri zaidi. Weka taa juu ya mhusika, kwa sababu taa ya mbele kabisa inafuta vivuli na kinyago kinabaki kama plastiki.

Njia ya gharama ni kunasa mwendo kwa kompyuta, yaani kurekodi mwendo wa mwigizaji na kumpa mhusika aliyechorwa na kompyuta. Bendi ya Coldplay waliitumia mwaka 2015 katika "Adventure of a Lifetime": wanamuziki wenyewe wanaonekana kama sokwe wanaogundua muziki msituni. Ugumu uko kwenye mikono. Mikono ya sokwe ni mirefu kuliko miguu, ya binadamu ni mifupi, kwa hiyo mtu akitembea kwa mikono na miguu makalio hupanda juu. Kwenye filamu za aina hii waigizaji hushika magongo mafupi yanayorefusha mikono, ili mgongo ukae inavyotakiwa.

Kuna jambo la kuchunga katika kuchagua mnyama. Sokwe na nyani wametumika kwa muda mrefu kuwatukana watu weusi, na fisi kwetu ni tusi la ulafi hata kabla hajafungua mdomo. Mnyama aliyekwisha hukumiwa anaanza video akiwa na hatia.

Ukichora kwa mkono, mdundo ndio bwana. Kwa fremu 24 kwa sekunde (fremu ni picha moja tulivu ya filamu), wimbo wa dakika tatu na nusu una fremu 5,040. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, unahitaji michoro 2,520. Midundo 120 kwa dakika ni rahisi: fremu 12 kwa kila mdundo. Kwa midundo 100 unapata 14.4, na wengi huikata iwe 14. Baada ya midundo 50, yaani sekunde 30 tu, mchezaji wako amewahi kwa fremu 20, na mbwa anapiga makofi karibu sekunde nzima kabla ya ngoma. Usijumlishe 14 kila mara. Zidisha namba ya mdundo kwa 14.4, kisha ndipo ukadirie fremu iliyo karibu. Halafu sogeza tendo litangulie sauti kwa fremu moja au mbili, kwani jicho hupenda kuona mguu umeshagusa ardhi pale sikio linaposikia ngoma.